Ng'ambo ya Nani? Jina la Mtaa na Ujenzi wa Mji wa Unguja

Neno ng'ambo halijitoshelezi. Ni kama kushoto na kulia: halina maana mpaka ijulikane asemaye amesimama wapi. Mtu wa Bara akisema kuwa mwanawe yuko ng'ambo, twafahamu kwamba amevuka bahari, pengine yuko Uingereza au Marekani. Mtu wa Unguja mjini akitamka neno hilohilo, huenda mwanawe yuko mwendo wa dakika kumi kwa miguu, anakunywa kahawa Kikwajuni. Katika maandishi herufi kubwa hututoa wasiwasi. Katika mazungumzo hatuna msaada huo.

Asili yake ni hori. Mji Mkongwe ulisimama juu ya rasi, na baina yake na upande wa mashariki palikuwa na maji ya bahari yaliyojaa na kupwa. Watu walivuka kwa daraja, na ndiyo maana hata leo soko kuu, lililofunguliwa mwaka 1904, tunaliita la Darajani. Hori lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya ishirini, barabara ikapita juu yake, na daraja likabaki katika jina tu. Magharibi yalikuwa majumba ya mawe ya watawala, wafanyabiashara na mabalozi. Mashariki zilikuwa nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti, na humo walikaa wavuvi, wachukuzi, mafundi, wageni kutoka Bara na Ngazija, na baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, wengi waliotoka mashamba kutafuta maisha ya watu huru. Aliyelitunga jina la Ng'ambo, basi, alikuwa amesimama upande wa mawe. Waliokaa upande wa pili walilichukua jina hilo walilopewa na wengine, wakalifanya lao.

Lakini mitaa ya ndani waliipa majina wenyewe, na hapo ndipo mwalimu wa sarufi hupata raha yake. Majina mengi yanaishia kwa kiambishi -ni cha mahali, nacho kimeshikamana na kitu ambacho kila mpita njia alikiona: Miembeni, Michenzani, Kikwajuni, Vikokotoni. Ukiyasoma kwa utulivu unaiona ardhi kabla ya nyumba: miembe, michenza, kikwaju kimoja kifupi, changarawe chini ya miguu. Majina mengine ni sentensi zilizofungwa. Mlandege ni hadithi nzima katika maneno mawili. Kisiwandui linataja maradhi yaliyotisha watu. Mwembeshauri latuambia kwamba palikuwa na mwembe na palikuwa na mazungumzo. Yapo pia majina yaanzayo kwa kwa-, ya mtu na makazi yake: Kwahajitumbo, na Kwa Binti Amrani. Hili la mwisho hunisimamisha kila nikilisikia. Mjini upande wa mawe jumba kubwa lilijulikana kwa bwana wake. Ng'ambo, mtaa mzima umelibeba jina la mwanamke, na umelibeba mpaka leo.

Wenye ramani walikuwa na maneno yao. Mwaka 1923 H. V. Lanchester, mtaalamu wa mipango miji kutoka Uingereza, alitoa ripoti yake juu ya mji wa Zanzibar. Tangu hapo kila kizazi cha watawala kimekuwa na mpango wake wa kuinyoosha Ng'ambo. Wenyeji nao hawakuwa watazamaji. Mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi iliyo chini ya nyumba zao, wakidai kuwa nyumba aliyoijenga mtu kwa mikono yake haiwezi kusimama kwa hisani ya mwingine. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mwana wa Fumba aliyekuja mjini akiwa muuza vyungu, alisafiri kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kwa muda mfupi sauti ya mtu wa Ng'ambo ilisikika mbali kuliko ya bwana yeyote wa Shangani. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuambiwa uzito wa kitabu hicho.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ukaja mpango mkubwa kuliko yote. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walitayarisha mpango mkuu wa mji mwaka 1968, na Michenzani yakaanza kusimama yale majumba marefu yaliyopangwa kufuata barabara mbili pana zinazokutana. Nyumba nyingi zilivunjwa ili kuyapisha. Sitaki kuwa miongoni mwa wanaoyabeza. Kwa familia iliyokuwa ikichota maji kwenye bomba la mtaa na kukaa gizani jioni, mfereji wa ndani, choo na umeme vilikuwa heshima. Watu walitoa nguvu zao kuyajenga, na wengine wanasimulia hayo kwa fahari, wengine kwa uchungu.

Nilichokigundua mimi nilikigundua darasani. Nilipokuwa nafundisha kidato cha pili niliwapa wanafunzi zoezi: kila mmoja aandike jina la mahali anapokaa, alichambue viambishi, kisha awaulize wazee maana yake. Kesho yake nilipata hazina. Yupo aliyeleta kisa cha kisima, yupo aliyeleta kisa cha mchawi. Msichana mmoja aliyekaa katika yale majumba aliandika herufi na tarakimu za nyumba yao, na chini yake sentensi moja: "Mwalimu, hili halina viambishi." Nilimpa alama zote. Sikujua nimwambie nini.

Katika insha yake nyingine nilikuwa nimemkosea. Aliandika, "Mama amekwenda mjini," nami nikapigia mstari mwekundu, nikaandika pembeni kuwa wao wenyewe wanakaa mjini. Kisheria nilikuwa sawa; wilaya yao inaitwa Mjini. Lakini mama yake alikuwa amekwenda Darajani, na kwa watu wa Ng'ambo kuvuka ile barabara kulikuwa bado ni kwenda mjini, ingawa maji yalikwisha kufukiwa kabla hajazaliwa. Mstari wangu mwekundu ulifuta hori ambalo lugha ilikuwa bado inaliona.

Kuna neno jingine linaloniuma katika habari hii, nalo ni baraza. Sote tunalitumia kwa fahari: Baraza la Wawakilishi, Baraza la Mawaziri, na sisi watu wa lugha tuna Baraza la Kiswahili. Hatukumbuki mara nyingi kwamba baraza hizi zote zinalikumbusha benchi la mawe au udongo lililoshikana na ukuta wa mbele wa nyumba, mahali ambapo mgeni hupokewa bila kuingizwa ndani, ugomvi husuluhishwa, na mashairi husomwa na kujibiwa. Benchi hilo si mali ya njia wala ya chumba, na ndiyo maana linafaa kwa shauri. Jumba la ghorofa halina mahali pa kuliweka. Wakazi wa Michenzani walijitengenezea la kwao chini ya ngazi, kwa mbao, mawe na viti vibovu, na wakaendelea na bao na keramu. Michoro haikuwapa, lakini desturi ilikuwa nao.

Mji Mkongwe umepata walinzi: sheria yake, mamlaka yake, na tangu mwaka 2000 jina lake katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ulinzi huo haukuzuia Beit al-Ajaib kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Ng'ambo haikuwa na hata hicho. Nyumba zake hazina milango ya nakshi ya kupigwa picha, na kwa hiyo ilichukuliwa kuwa kila kilichomo chaweza kuondolewa. Kwahani, nyumba kongwe zimekwisha kupisha majengo mapya.

Ndipo katikati ya mwongo wa 2010 Idara ya Mipango Miji na Vijiji, pamoja na wataalamu wa Uholanzi, ikaanzisha kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo. Ng'ambo ilikusudiwa kuwa kitovu kipya cha mji, na wenyeji waliulizwa ni sehemu zipi zenye thamani kwao: viwanja, misikiti, mabaraza, nyumba za vikundi vya ngoma na taarab. Jina la kazi hiyo nimelitafuna kama mua. Tuitakayo: tu-, nafsi ya kwanza wingi, -i-, yambwa, -taka, mzizi, -yo, kirejeshi. Mwenye wivu wa sarufi angeuliza kwa nini si tupatakapo, maana Ng'ambo ni mahali. Mimi swali langu ni juu ya silabi ya kwanza. Huyu tu- ni nani? Kama ni ofisi, basi hatujatoka mbali na mwaka 1923. Kama ni mama aliyekwenda mjini na bintiye aliyeandika tarakimu, basi kitenzi kimepata mtendaji wake. Msingi wa maji machafu uchimbwe, taa ziwekwe, paa bovu lifumuliwe. Hakuna shairi linalonoga katika nyumba inayovuja. Ila jengo jipya liitwe kwa jina la pale liliposimama, na mbele yake pajengwe baraza ya kweli, ya kukalia, tangu siku ya mchoro.

Wiki iliyopita nilipanda daladala kutoka Michenzani. Utingo, kijana ambaye hata babu yake huenda hakuliona lile hori likijaa, aliinama mlangoni akaita, "Darajani! Wa Darajani!" Watu sita wakashuka. Hakuna aliyeuliza daraja liko wapi.