Dereva Aliyetaka Kupotea

Mhariri wangu wa kwanza hakuwa mtu wa kuniamini. Nikitoka kwenda kuripoti, ilibidi simu ya ofisi imwonyeshe nilipo muda wote. Siku moja niliizima, nikanywa chai yangu kwa amani. Ndiyo maana niliposoma habari ya Newark, moyo wangu uliegemea kwa dereva.

Mwishoni mwa 2009, kwenye uwanja wa ndege wa Newark, New Jersey, wahandisi walikuwa wakijaribu mtambo wa kuongoza ndege zinazotua kwa msaada wa GPS. Vipokezi vyake vya ardhini vikawa vinakatika kidogo, kisha vinarudi. Ilichukua miezi kumpata mhusika: dereva wa lori aliyekuwa akipita barabara kuu ya kando ya uwanja, na ndani ya lori kifaa kidogo cha kuvuruga mawimbi.

Kidude kama hicho kinawezaje kuusumbua uwanja mzima? Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu. Mawimbi yake yakifika chini huwa hafifu kuliko hata kelele za ndani ya kipokezi chenyewe. Kipokezi huyatambua kwa sababu kinaujua mpangilio wake, kama unavyoitambua sauti ya mama yako katikati ya soko. Sasa mtu akikupulizia filimbi sikioni, mama humsikii tena.

Pale Newark antena zilihamishwa, na mtambo ukarekebishwa uvumilie kelele. Majeshi yana njia nyingine: antena kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Kelele ikitokea upande mmoja, upande huo zinautilia pamba masikioni, huku zikiendelea kuisikiliza anga.

Basi, 2012, hapohapo Newark, akanaswa dereva mwingine. Huyu alikuwa anamkwepa mwajiri wake aliyekuwa akifuatilia gari. Mwaka uliofuata, tume ya mawasiliano ya Marekani ilipendekeza atozwe faini ya dola 31,875.

Hakuwa na ugomvi na ndege yoyote. Alitaka tu asionekane kwa saa chache, na hamu hiyo hakuna antena inayoiponya. Bado namwonea huruma. Ila mimi nilizima simu yangu mwenyewe. Yeye aliziba masikio ya watu asiowajua, wakiwa kazini kushusha abiria salama.