Batumbula: Hofu ya Usiku katika Kambi za Migodi ya Katanga

Batumbula, ambao mmoja wao huitwa mutumbula, ni jina ambalo wakazi wa Katanga, nchini Kongo, wakati wa utawala wa Wabelgiji waliwapa watu waliosadikiwa kuvizia wapita njia usiku, kuwalegeza kwa dawa, kuwanenepesha mafichoni na hatimaye kuwakabidhi kwa Wazungu ili waliwe. Waliolelewa na simulizi hiyo, wakiisha kukua na kusoma, huielekea kwa njia mbili: ama huiona kuwa porojo za kuwatia watoto ndani mapema, ama huigeuza fumbo la ukoloni uliowala watu. Njia zote mbili huyaacha yale ambayo simulizi yenyewe inayataja waziwazi.

Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910 ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga, yaani ofisi ya kuandikisha vibarua, ambayo mawakala wake waliwachukua vijana kutoka vijiji vya mbali. Nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo ziliwaua wengi katika kambi za mwanzo, na ndugu waliobaki kijijini mara nyingi hawakuona kaburi wala kupata habari, hata mtu aliyekwenda mgodini akawa sawa na aliyetekwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili sera, ikawapa wafanyakazi mikataba mirefu na kuwaweka kambini pamoja na wake na watoto wao. Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937, ulikulia ndani ya utaratibu huo. Familia zilipokea poso, yaani mgao wa chakula, na chini ya mpango uliosimamiwa na daktari Léopold Mottoulle watoto wachanga walipimwa uzito na wakubwa kidogo wakalishwa chakula cha kampuni, kwa kuwa walihesabiwa kuwa wafanyakazi wa kesho. Katika mazingira ambamo mwajiri huyohuyo aligawa unga, alipima watoto na kumiliki nyumba, habari ya watu kunenepeshwa kwa faida ya wengine haikuhitaji ushahidi mwingi ili isadikike.

Tena, mutumbula mwenyewe hakuwa Mzungu bali Mwafrika aliyelipwa kwa kazi ya siri ya usiku. Hadithi za wazimamoto wa Nairobi na Kampala, waliosadikiwa kunyonya damu ya watu, pamoja na zile za mumiani wa pwani, zina muundo kama huo, na mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa aina hiyo, ameonyesha jinsi zinavyozungumzia kazi, vyombo na mshahara kwa undani. Hofu hiyo, basi, ilimhusu pia jirani aliyepata fedha ambazo chanzo chake hakikujulikana.

Kumbukumbu za utotoni hubadilika kila zinaposimuliwa, na mambo ya miaka ya baadaye hujipenyeza ndani yake. Kwa hiyo mtafiti anayewauliza wazee wa Kolwezi ni wangapi waliotekwa na batumbula atapata machache ya kutegemea. Akiwauliza ni njia zipi zilizoepukwa, ni chakula gani kilichokataliwa na ni kazi zipi zilizotiliwa shaka, atapata historia ya kambi ambayo haikuandikwa katika ripoti za kampuni.