Kisutu, Nguo ya Arusi Isiyo na Jina

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za nguo ambayo watu wengi wa pwani wameiona, lakini ni wachache wawezao kuisoma. Nasema kuisoma, ingawa haina hata neno moja lililoandikwa. Nguo hiyo ni kisutu.

Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua vitambaa vilivyopigwa chapa, vikiuzwa vimeshikana. Viliitwa leso, neno tulilopata kwa Wareno. Walivikata vitatu vitatu, wakashona safu mbili pamoja, ikapatikana nguo moja kubwa. Wafanya biashara walipoona hayo wakaagiza nguo nzima kutoka Bara Hindi na Ulaya, nayo ndiyo kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na katika karne ya 20 ikapata jina, yaani yale maneno yake, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi.

Kisutu cha asili hakikupata jina. Kilikaa na rangi zake tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kanga nyingine huja na kupita kama msimu wa embe. Chenyewe hakifuati mtindo.

Bibi arusi akiisha kusingwa liwa, huvishwa kisutu, na somo yake humfunulia maana. Wekundu ni damu (mabibi wa heshima wanisamehe), damu ya ubikira na ya uzazi. Weupe ni usafi na heri. Weusi una maneno mengi, na kila mji una yake. Nauacha kwa sasa.

Basi tazameni hatari iliyopo. Kanga yenye jina yaweza kukaa sandukuni miaka hamsini, na mjukuu akaifungua akaisoma. Kisutu hakisomeki bila kinywa cha mtu. Bado chauzwa madukani, na bado hutiwa katika sanduku la bibi arusi. Ila mara nyingi yeye huvaa gauni jeupe, na kisutu hubaki kimekunjwa. Wako wasemao kiwekwe katika nyumba ya makumbusho. Sikatai, lakini huko zitahifadhiwa nyuzi tu.

Mwenye bibi au shangazi aliyepata kuwa somo, na amwendee na daftari. Aanze kuuliza habari za ule weusi.