Historia ya Kanisa la Mtakatifu Yohana, Lunenburg

Lunenburg ni mji mdogo wa pwani katika jimbo la Nova Scotia, mashariki mwa Kanada. Waingereza waliuanzisha mwaka 1753 kwa kuwashusha hapo Waprotestanti wapatao 1,400 kutoka Ujerumani, Uswisi na Montbéliard, ili idadi yao ikabiliane na ile ya Wafaransa Wakatoliki wa Acadia. Ardhi ilikuwa ya Wamikmaq, na mahali penyewe pakiitwa Merligueche.

Mwaka uliofuata, 1754, mji ulikuwa na Kanisa lake la Anglikana. Kiunzi chake kililetwa kwa merikebu kutoka Boston. Lilikuwa jengo la mstatili, la kuta nyeupe zisizo na mapambo. Kasisi wa kwanza, Jean-Baptiste Moreau, alikuwa Mfaransa aliyewahi kuwa padri wa Kikatoliki, na aliwahudumia watu wake kwa Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani hadi alipofariki mwaka 1770. Walutheri, ambao walikuwa wengi mjini, walijipatia kanisa lao baadaye.

Jengo analolikuta mgeni leo halifanani na lile la Moreau. Katika karne ya 19 mafundi walilirudia mara kwa mara: wakainua mnara, wakachonga madirisha ya upinde uliochongoka, wakaongeza nguzo za ubavuni na vilele vyembamba juu ya paa, wakarefusha upande wa madhabahu. Mtindo ni ule wa Gothiki, ambao Ulaya iliuzaa kwa mawe. Hapa kila kilichokuwa cha mawe kilifanywa kwa mbao na maseremala, na pambizo zake zikapakwa rangi nyeusi zionekane juu ya kuta nyeupe. Wako wanaouona mtindo huu kama uigaji wa kimaskini. Nakataa. Jiwe hubeba uzito kwa kulaliana. Mbao hubeba kwa kushikana, ulimi wa ubao mmoja ukiingia katika tundu la mwenzake, na seremala aliyeifanya mbao isimame kama upinde wa kanisa kuu amebuni kazi mpya kabisa.

Mafundi wa aina hiyo hawakuwa haba Lunenburg. Mji uliishi kwa uvuvi wa chewa, na uvuvi ulitaka vyombo. Jahazi maarufu la Bluenose, ambalo umbo lake liko kwenye sarafu ya senti 10 ya Kanada, lilijengwa katika mji huo na kushushwa majini mwaka 1921. Mwaka 1995 UNESCO iliuingiza mji mkongwe wa Lunenburg katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na mitaa yake iliyopimwa kwa mistari iliyonyooka na nyumba zake za mbao.

Kisha ukaja usiku wa kuamkia Novemba 1, 2001. Moto ulilishika kanisa, na hadi kulipopambazuka sehemu kubwa ilikuwa imeteketea. Mnara ulibaki umesimama, umeungua, na humo ndani boriti zilikuwa makaa.

Waumini walikuwa na njia rahisi mbele yao: kufyeka kiwanja na kujenga ukumbi wa kisasa, wenye joto la kutosha na gharama ndogo. Waliamua kulirudisha lile lile. Mbao zilizosalimika zilichambuliwa moja moja, zilizofaa zikarudishwa katika jengo, na zilizopotea zikachongwa upya kwa kufuata picha za zamani.

Kazi hiyo ndiyo iliyofichua siri ya dari. Juu ya madhabahu dari ilikuwa ya buluu, imetapakaa nyota za dhahabu, na vizazi vya waumini viliziona kuwa pambo tu. Wasimamizi wa ukarabati walipotaka kujua kila nyota ilikaa wapi, walimwendea mwanaastronomia David Turner wa Chuo Kikuu cha Saint Mary's, Halifax. Akapima mpangilio wake kutoka kwenye picha, akagundua kuwa nyota hazikutawanywa ovyo. Zilichora anga kama lingeonekana kutoka Lunenburg jioni ya mkesha wa Krismasi ya kwanza, takriban miaka 2,000 iliyopita. Aliyezipaka alikuwa amelijua anga hilo kwa hesabu, katika mji ambao manahodha wake walisafiri kwa kuzisoma nyota. Bila moto na bila ukaidi wa waumini kutaka kila nyota mahali pake, elimu hiyo ingeendelea kukaa juu ya vichwa vyao pasipo mtu kuijua.

Kanisa lilifunguliwa tena mwaka 2005. Swali la wataalamu wa urithi, kama jengo lililochongwa upya bado ni lile la 1754, lilikuwa limejibiwa zamani na jengo lenyewe: hata kabla ya moto, karne ya 19 ilikuwa imeligeuza karibu kila upande, na hakuna aliyesema si lile. Nyota zimerudi darini kwa mpangilio uleule, na usharika unaabudu chini yake.