Kuhama, Kuhamia, Kuhemea

Ukitaka kujua nani aliamua safari, sikiliza mnyambuliko wa kitenzi. Ofisini vijiji vya ujamaa vilisimuliwa kwa kuhamia: wananchi wamehamia vijijini. Mzee wa Kigogo, huku Dodoma, husema tulihamishwa. Operesheni Dodoma ya 1971 iliwatoa watu kwenye nyumba za tembe zilizotapakaa nyikani, miaka miwili kabla agizo la kuhamia vijijini halijawa la nchi nzima. Sheria ya 1975 ikaja kudai kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250.

Kule walikotolewa kukaitwa mahame. Neno hilo kamusini lina ukiwa, lakini mkulima akilisikia anawaza samadi. Palipokuwa na zizi kwa miaka, mahindi hukubali hata mvua ikiwa ya kusuasua. Basi wengine wakawa wanalala kijijini na kulima mahame. Hao utawaandika wamehama?

Neno ninalolipenda zaidi ni kuhemea. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na mara nyingi hukata Februari uwele ukiwa bado mchanga. Ghala likikauka, mtu hubeba magunia matupu na kuelekea Kibaigwa, Kondoa au Kiteto. Mwenye fedha hununua. Asiye nayo hulima shamba la mtu, alipwe debe la mahindi. Inaweza kuwa siku tatu, inaweza kuwa msimu mzima. Mgeni akibisha hodi, mke aliyebaki hujibu, "Kaenda kuhemea," na hakuna haja ya kuuliza kama atarudi.

Wapo wasiorudi. Kiteto mtu huanza na kibarua, akapata ekari mbili, akajenga, akaoa. Huyo amelowea, ingawa hata yeye hawezi kukutajia siku kuhemea kulipogeuka kulowea. Wenyeji watamwita mhamiaji mpaka wajukuu. Mfugaji, ambaye kila kiangazi hurudi kwenye malambo yale yale, anaitwa mhamaji. Uhamiaji wenyewe siku hizi tumewaachia wagonga mihuri ya pasipoti.

Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwelikweli, uamuzi uliokuwepo tangu 1973. Watumishi wakaja, baadhi wakaacha familia Dar es Salaam. Ijumaa jioni wanawahi basi, na tangu 2024 treni ya SGR, Jumatatu wako mezani. Barua zao zinasema wamehamia. Mgogo anayewatazama stesheni na mabegi yao ana haki ya kusema wanahemea.