Uchaga Juu ya Mafiga

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Lakini katika nyumba za mashamba za Mkange, kaskazini ya Mto Wami, ambako Wazigua na Wadoe wamelima mtama, mahindi na muhogo, jiko halikukamilika kwa mafiga matatu peke yake. Juu yake palikuwa na uchaga wa fito, na uchagani yakawekwa mahindi ya mbegu yakiwa magunzini. Moshi uliomliza mpishi ndio huo huo uliomfukuza fukusi. Hivyo aliyepika chakula cha leo alikuwa akililinda, kwa moto ule ule, shamba la mwaka ujao.

Desturi hiyo ilikuwa na uzito wake. Katika miaka ya 1830 ukame uliikumba nchi ya Uzigua, na njaa ikawateremsha watu pwani kutafuta chakula. Vizazi vyao husimulia kwamba wengi waliahidiwa kazi, kumbe wameuzwa. Majahazi yakawafikisha Somalia. Waliotoroka utumwani walijenga vijiji kando ya Mto Juba, wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya mwaka 1991 vilipoivunja Somalia, baadhi ya vitukuu vyao walikimbilia Tanzania, na mwaka 2003 wakafunguliwa makazi Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ya mababu zao. Ghala zilizokauka katika misimu michache ziliwatawanya watu kwa zaidi ya miaka 160.

Muhogo, uliovuka bahari kutoka Amerika kwa merikebu za Wareno, ulilifundisha jiko adabu ya pili, nayo ni saburi. Muhogo mchungu una sumu. Humenywa, huvundikwa au hulowekwa kwa siku kadhaa, huanikwa, ndipo hutwangwa ukawa unga wa bada. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, ukame uliwabana watu hata wakazifupisha siku hizo. Wengi, hasa wanawake na watoto, walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo. Waliozihesabu siku za kuvundika hawakuwa wavivu wala washirikina. Walikuwa na elimu isiyoandikwa.

Leo jiko lenyewe linabadilika. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwa shabaha ya kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo mwaka 2034. Ni neema kubwa kwa mapafu ya akina mama, na kwa migongo iliyobeba kuni miaka na miaka. Anayeulilia moshi mara nyingi ni yule ambaye hakuupuliza.

Hata hivyo, moshi unapoondoka, uchaga nao huondoka, na pamoja nao ile kazi ya pili ya jiko. Tena hata moshi ulikwisha kushindwa: mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia nchini dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati, ambaye wakulima walimbandika jina la Scania kwa ukali wake. Alizitoboa mbegu magunzini, na wakulima wakashauriwa kupukuchua mahindi mapema na kuyachanganya na dawa.

Basi kinachostahili kurithiwa si moshi wala kinu kilichoachiwa mwanamke peke yake. Ni ile desturi ya kutokipika chote. Familia ya Mkange iliyokwisha kununua mtungi wa gesi yaweza kuihifadhi mbegu yake katika mfuko usiopitisha hewa. Familia ya Dar es Salaam yaweza kumpa mtoto, wa kiume kwa wa kike, kazi ya kupima kibaba na kutaja kilichobaki, na kumweleza kwa nini muhogo mchungu haufanyiwi haraka. Akiba haiozi, husema watu wa pwani. Wazigua wa Mto Juba waliijua maana yake kwa safari ndefu. Mtoto wa leo aweza kuijua akiwa amesimama kando ya jiko.