Mcheza kwao hutuzwa: historia ya ngoma iliyohama mtaa

Najua nimepotea, mitihani ilinikaba kooni, lakini leo nimerudi na historia. Wale tuliokuwa darasa moja la History mnanijua: nikiona watu wanacheza, swali langu la kwanza si wanachezaje, ni nani analipa. Basi kaeni mkao wa kula.

Hapa Marekani kuna kitu wanakiita drum corps. Neno la pili linaandikwa hivyo lakini linatamkwa "koo", usiniulize kwa nini. Mimi nitaita kikosi cha ngoma. Ukitaka picha ya haraka, chukua matarumbeta ya harusi za Dar, changanya na halaiki ya sherehe za kitaifa, halafu juu yake weka gwaride la jeshi. Vijana zaidi ya 150 wanapiga tarumbeta na ngoma huku wanakimbia uwanjani wakichora maumbo, na wenzao wanarusha bendera na bunduki za mbao hewani na kuzidaka. Kila kitu kiko kichwani, hakuna anayesoma karatasi. Onyesho moja ni dakika kama kumi na moja hivi, na hilo hilo ndilo wanalolishindania kiangazi kizima. Na umri una mwisho: ukishavuka miaka 22, kwaheri. Yaani mimi nimebakiza kidogo tu kuwa mzee.

Sasa turudi nyuma. Mwanzo wa mambo haya ni vitani. Zamani amri ya kamanda ilikuwa haifiki mbali kwa mdomo. Moshi, milio ya bunduki, farasi, nani atakusikia? Kwa hiyo majeshi yalitumia ngoma na tarumbeta: mlio huu amkeni, huu songeni mbele, huu rudini nyuma. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, baadhi ya wapiga ngoma walikuwa watoto kabisa, umri wa darasa la sita. Ilipofika Vita ya Kwanza ya Dunia, simu na redio zilikuwa zimeanza kuwapokonya kazi hiyo.

Vita vikaisha, askari wakarudi makwao. Mwaka 1919 ukaanzishwa umoja wa askari waliorudi vitani, American Legion. Mwingine, Veterans of Foreign Wars, ulikuwepo tangu 1899. Vyama hivi vilikuwa na matawi mpaka kwenye miji midogo, na tarumbeta na ngoma zilizobaki jeshini zikaishia mikononi mwao. Wazee wakaanza kupiga wenyewe kwenye maandamano, kisha wakaanza kushindana tawi kwa tawi, kisha wakaunda vikosi vya watoto wao.

Na si wao peke yao. Mwaka 1934 parokia ya Holy Name pale Garfield, New Jersey, iliunda kikosi cha vijana wake, kile kilichokuja kujulikana dunia nzima kama The Cadets. Boston Crusaders wakaanza 1940. Mwaka 1948 Chicago, Don Warren akawatoa Cavaliers kwenye kundi la maskauti wa mtaani kwao. Mwaka 1957 Jim Jones akaanzisha Troopers mjini Casper, Wyoming, akawavisha kama askari wa farasi wa zamani. Bluecoats wa Canton, Ohio, walianzishwa 1972 na polisi, na hata jina lao ni la kuwaenzi polisi wastaafu.

Iangalie vizuri hiyo orodha, wadau. Parokia, maskauti, polisi, askari wa zamani. Mtoto alikuwa anatoka nyumbani anatembea kwa miguu mpaka mazoezini. Chombo ni cha kikosi, sare ni ya kikosi, na mzee anayefundisha ni baba wa jirani. Wahenga wetu walishasema, mcheza kwao hutuzwa. Hawa walikuwa wanacheza kwao.

Ila tuzo lile lilikuwa na masharti. Wazee walitoa hela, na kanuni wakaandika wao. Bendera ya taifa lazima ionekane na iheshimiwe kwenye onyesho. Kabla ya kupiga unakaguliwa kijeshi. Tarumbeta ni ya aina moja tu, ile yenye asili ya jeshini. Na majaji walikuwa wanatembea uwanjani katikati ya wachezaji wakiwinda makosa: kila kosa wanalonasa, sehemu moja ya kumi ya alama inakatwa. Mfumo huo ulikuwa hauulizi "umefanya nini kizuri?", unauliza "umekosea wapi?" Sisi wa ualimu tunaufahamu mtihani wa namna hiyo.

Ikafika miaka ya mwisho ya 60. Vita vya Vietnam vinawaka, vijana wanaandamana, na huku kikosi kinatakiwa kutembea kama askari mbele ya wazee waliopigana vita vingine kabisa. Mwaka 1971 ndipo kikaeleweka. Vikosi vitano, Cavaliers, Blue Stars, Madison Scouts, Santa Clara Vanguard na Troopers, viliungana vikasema: tunataka malipo ya maana tukialikwa, na tunataka sauti kwenye kanuni. Mwaka huo huo Cavaliers walitoa onyesho zima la sarakasi, Madison Scouts wakatoa hadithi ya Alice in Wonderland, na vijana wa Garfield wakachora uwanjani alama ya amani. Alama ya amani, kwenye mchezo wa askari wa zamani, katikati ya vita! Fikiria nyuso za wale wazee.

Ndivyo ilivyozaliwa Drum Corps International, au DCI. Ubingwa wake wa kwanza ulifanyika Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972, wakashinda Anaheim Kingsmen kutoka California. Kuanzia hapo milango ikafunguka mmoja mmoja. Kukata alama kwa kila kosa kukaondolewa kuanzia msimu wa 1984. Mwaka 2000 wakaruhusiwa tarumbeta za kawaida kama za bendi nyingine. Mwaka 2004 vikaja vipaza sauti, na 2009 vinanda vya umeme. Wakongwe wakalalamika kila mara kwamba mchezo umekufa, na kila mara vijana wakapiga vizuri kuliko waliowatangulia. Blue Devils wa Concord, California, walifikisha alama 99.65 kati ya 100 mwaka 2014.

Hapa mwanahistoria angeweza kufunga daftari: vijana walidai uhuru, wakaupata, sanaa ikapaa. Lakini mwezi Juni kikosi kimoja kilipiga kambi hapa chuoni, na nilichokiona kimenifanya nisifunge.

Walikaa wiki kadhaa. Wanalala chini, kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo. Asubuhi mpaka usiku wako uwanjani, na kwenye spika kuna mlio wa kuhesabia mapigo, tak tak tak tak, mpaka unausikia usingizini. Chakula kinapikwa kwenye trela la jiko na wazazi waliojitolea. Siku ya mwisho kabla ya kuondoka waliwaalika majirani waje waone onyesho jipya, bure. Hawakuvaa sare, ni kaptula na fulana za mazoezi, migongo imebabuka kwa jua. Na onyesho lenyewe lilikuwa halijakamilika: mwisho wake walikuwa bado hawajafundishwa kutembea, kwa hiyo walipofika hapo wakasimama mstari mmoja wakatupigia tu.

Jamani. Nimeshasikia spika za mnanda zikitetemesha madirisha, lakini shaba themanini hivi zikikugeukia uso kwa wakati mmoja ni kitu kingine. Unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Mimi na wenzangu wa bweni tulisimama bila kuambizana.

Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mzee aliyepiga ngoma utotoni, kwenye kikosi cha tawi la askari wa zamani mjini kwao. Nikamuuliza, mzee wangu, mlikuwa mnalipa kiasi gani? Akacheka. Alisema walikuwa wanauza peremende mlango kwa mlango, basi. Kikosi chake hakipo tena, na wala vile vya miji mitatu ya jirani. Baadaye nikamuuliza swali lile lile binti mmoja aliyekuwa anakusanya bendera. Yeye amefanya kazi dukani majira yote ya baridi ili apate ada. Kwa vikosi vya daraja la juu, ada ya kiangazi kimoja sasa mara nyingi inazidi dola 4,000, bado nauli ya kwenda kambini. Na kwao ni majimbo mawili kutoka makao ya kikosi.

Hapo ndipo nilipoona upande wa pili wa 1971. Ukitaka kushindana nchi nzima, unahitaji mabasi, malori, mafuta, walimu wa kulipwa, bima. Tawi la wazee wa mji mdogo haliwezi kubeba huo mzigo, na baada ya ule ugomvi wengi hawakuona sababu ya kuubeba. Miaka ya 70 vikosi vya vijana vilikuwa mamia nchini, leo ni makumi. Kingsmen, wale mabingwa wa kwanza, hawashindani tena. The Cadets, watoto wa parokia, wenye ubingwa wa DCI mara 10, walifungwa Januari 2024, wakiwa wamelemewa na kesi kuhusu unyanyasaji wa kingono wa miaka ya 1980. Waliobaki wanang'aa: Boston Crusaders, miaka 85 baada ya kuanza, walichukua ubingwa wa DCI kwa mara ya kwanza 2025. Lakini mtoto wa mtaani anayetoka kwao kwa miguu amepungua sana kwenye hadithi.

Sisi tuna ndugu wa hadithi hii, tunaita beni. Ilianza pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za jeshi. Vita ile ile ya 1914 hadi 1918 ikaieneza bara, kupitia askari na wapagazi. Marini na Arinoti wakashindana kwa sare, vyeo na magwaride. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake, kikatoka 1975. Kilichonigusa ni kwamba vyama vya beni vilikuwa vinasaidiana pia, kwenye ugonjwa na mazishi. Ngoma ilikuwa ni ya watu kwa sababu mfuko ulikuwa ni wa watu. Hawakungoja tawi la wazee wenye masharti, wala hawakumwachia kila mmoja ajilipie peke yake.

Simaanishi wale vijana wa 1971 walikosea. Ningekuwa mle ningedai yale yale. Ninachosema ni kwamba walishinda vita ya nani anaandika kanuni, na vita ya nani analipa ikabaki uwanjani, ikaangukia mifuko ya wazazi. Vipo vikosi vinavyotoa ufadhili, na wapo wanaofundisha watoto wa mtaa bure, hao nawavulia kofia. Lakini ufadhili ni mlango wa kuombea, na ule mlango wa zamani ulikuwa hauna hodi.

Sasa nyie wa ualimu mwenzangu, kesho kutwa tutapangiwa shule. Mkuu atasema tuanzishe bendi ya shule, kila mzazi achangie sare. Na siku ya kwanza ya mazoezi kutakuwa na mtoto amesimama nje ya mstari, anapiga mapigo kwa vidole mapajani, na anayaweza kuliko walio ndani. Huyo ndiye wa kuanza naye, kabla hata ngoma haijanunuliwa. Mnaonaje?

Naomba kuwasilisha.